Jinsi ya Kufanya Utafiti wa Lugha Iliyo Hatarini Kutoweka: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Lugha zinazosemwa duniani leo zinakadiriwa kuwa 7,000 hivi. Mwaka 1992 mwanaisimu Michael Krauss aliwaonya wenzake kwamba, hali ikiendelea ilivyokuwa, huenda asilimia 90 ya lugha za binadamu zikawa zimekufa au zimo njiani kufa ndani ya karne moja. Wapo waliokadiria kiasi kidogo zaidi baada yake, lakini onyo lile lilisaidia kulifanya jambo hili kuwa tawi kamili la isimu, lenye mbinu zake, programu zake za kompyuta, hifadhi zake na maadili yake. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mwanafunzi wa isimu, mwalimu au mwanajamii anayetaka kuingia katika kazi hiyo kwa utaratibu.

Kanuni moja ndiyo inayopanga hatua zote zinazofuata: kazi inayomhitaji msemaji aliye hai hutangulia, na kazi inayoweza kufanywa na yeyote mwenye data huja baadaye. Uchambuzi wa sintaksia, yaani mpangilio wa maneno katika sentensi, unaweza kusubiri miaka 30 bila kuharibika. Maana ya neno lililotamkwa harakaharaka na mzee wa miaka 80 katikati ya simulizi haiwezi kusubiri hata miaka mitano. Kila mtafiti huikubali kanuni hii akiisikia, na bado wengi huivunja, kwa kuwa vyuo hutunuku shahada kwa hoja za kinadharia na si kwa daftari lililonukuliwa vizuri.

Hatua ya kwanza: fahamu yaliyokwisha kufanywa

Kabla ya kumtafuta msemaji hata mmoja, tafuta kila kilichoandikwa au kurekodiwa kuhusu lugha hiyo. Anza na Glottolog, orodha huria ya mtandaoni inayotunzwa na Taasisi ya Max Planck huko Leipzig, kwa sababu humo kila lugha huonyeshwa nafasi yake katika familia yake pamoja na maandiko yanayoihusu. Itazame pia Ethnologue kwa makadirio ya idadi ya wasemaji, na uandike pembeni msimbo wa herufi tatu ambao lugha hiyo imepewa katika mfumo wa ISO 639-3, maana katalogi nyingi za hifadhi hutumia msimbo huo. Jina peke yake halitoshi. Lugha ndogo huwa na majina kadhaa: lile ambalo wenyewe hulitumia, lile walilopewa na majirani, ambalo pengine lina dharau ndani yake, na lile lililoandikwa na wamisionari au maofisa wa kikoloni kwa tahajia iliyobadilika kila alipobadilika mwandishi. Tafuta kwa majina yote hayo.

Baada ya hapo pekua hifadhi za sauti na picha: ELAR, iliyoanzia London na ambayo tangu 2021 iko Berlin, hifadhi ya Taasisi ya Max Planck iliyoko Nijmegen, PARADISEC ya Australia, iliyoanza mwaka 2003, na AILLA ya Texas kwa lugha za asili za Amerika ya Kusini na ya Kati. Usidharau makumbusho, maktaba za makanisa na masanduku ya wastaafu. Orodha ya maneno 60 iliyoandikwa karne moja iliyopita kwa tahajia mbovu bado ni mali, kwa kuwa huonyesha sauti zilizobadilika na huwapa wasemaji wa leo kitu cha kusahihisha. Na mtu anayesahihisha kosa la mgeni aliyekufa zamani huzungumza kwa uhuru kuliko anayeulizwa maswali mapya.

Soma pia sarufi ya lugha ndugu moja au mbili. Ikiwa lugha yako ni ya Kibantu, utajua mapema kwamba lazima uulize ngeli, toni (kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana) na vinyambuo vya kitenzi. Ikiwa ni ya Kikushi au ya Kiniloti, maswali ya mwanzo yatakuwa mengine. Anayeanza bila maandalizi haya hutumia muda wa wasemaji kugundua yale yaliyomo vitabuni.

Hatua ya pili: pima uhai wa lugha

Idadi ya wasemaji ndiyo takwimu inayopendwa na magazeti, lakini si kipimo bora cha uhai. Lugha yenye wasemaji 500 ambayo watoto wote wanaisema inaweza kuwa salama kuliko yenye wasemaji 100,000 ambayo hakuna mtoto anayeipokea. Ndiyo maana wataalamu waliokusanywa na UNESCO mwaka 2003 walipendekeza vigezo tisa, wakakitaja kwanza kile cha urithishaji kutoka kizazi hadi kizazi, kisha idadi ya wasemaji, uwiano wao ndani ya jamii nzima, miktadha ya matumizi inayopungua, mwitiko wa lugha kwa miktadha mipya na vyombo vya habari, vifaa vya kujifunzia kusoma na kuandika, sera za serikali, mtazamo wa wanajamii wenyewe, na wingi na ubora wa kumbukumbu zilizopo. Kipimo kingine kinachotumika sana ni EGIDS, ngazi za kupima lugha imedhoofika kiasi gani, kilichopendekezwa na wanaisimu Lewis na Simons mwaka 2010 kwa kuzipanua ngazi nane za mwanaisimu Joshua Fishman za mwaka 1991 hadi kuwa 13. Chagua kimoja, lakini usiridhike na kuandika namba, eleza umeipataje.

Namna ya kuipata ni hii. Usimwulize mtu kama anaijua lugha, kwa sababu jibu litategemea fahari, aibu au anachodhani unataka kusikia. Uliza badala yake, nyumba kwa nyumba, nani humsemesha nani kwa lugha gani: bibi kwa mjukuu, mama kwa mtoto wa kwanza, mama huyohuyo kwa kitinda mimba, watoto wao kwa wao wakiwa wanacheza. Tofauti kati ya mtoto wa kwanza na wa mwisho hufichua mwaka ambao lugha ilianza kuachwa, na mara nyingi mwaka huo hulingana na tukio fulani, kama vile kufunguliwa kwa shule, kuhamishwa kwa makazi au kuanza kwa kazi za mshahara. Kisha kaa usikilize, maana watu husema moja na kutenda jingine.

Wasemaji nao si wa aina moja. Mwanaisimu Nancy Dorian, aliyeichunguza Kigaeli cha wavuvi wa Sutherland ya Mashariki huko Uskoti tangu miaka ya 1960, alionyesha kuwepo kwa kundi alilowaita nusu-wasemaji: watu wanaoelewa kila kitu na kujua wakati wa kutia neno na wakati wa kunyamaza, lakini ambao sarufi yao imepoteza baadhi ya kanuni za wazee. Wapo pia wanaokumbuka tu nyimbo, salamu na majina ya vitu. Waandike wote, kila mmoja na kiwango chake. Mtafiti anayemtaka "msemaji safi" pekee huwakosa watu ambao, wazee wakishaondoka, ndio watakaoshika kazi ya kunukuu na kufundisha.

Hatua ya tatu: pata ridhaa, na ujue unaomba nini

Mwaka uleule wa 1992 Peter Ladefoged, bingwa wa fonetiki, alimjibu Krauss na wenzake kwa kutoa mfano wa msemaji wa Kidahalo, lugha ndogo ya pwani ya Kenya. Mzee huyo alimweleza kwamba wanawe huisikia lugha hiyo ila hawaisemi, wao husema Kiswahili tu, na alikuwa akitabasamu. Ladefoged aliuliza: mimi ni nani hata nimwambie amekosea? Dorian alimjibu mwaka uliofuata kwamba uamuzi wa kuiacha lugha hufanywa chini ya shinikizo, na kwamba mara nyingi wajukuu huja kulaumu kwamba hawakurithishwa. Wote wawili wana hoja. Kwa maoni yangu mtafiti hahitaji kumaliza ubishi huo. Anahitaji kutambua kwamba hana mamlaka ya kuwaamulia watu lugha ya kuwalea watoto wao, na pia kwamba kumbukumbu nzuri huwaachia wajukuu nafasi ya kuchagua ambayo bila kumbukumbu hizo hawatakuwa nayo.

Pata kwanza kibali cha utafiti cha nchi husika na idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako, kisha uende kwa uongozi wa jamii kwa utaratibu wanaoutambua wao. Ridhaa ya kiongozi haichukui nafasi ya ridhaa ya msemaji binafsi. Pale ambapo karatasi huogofya, ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa inatosha, ilimradi imetolewa kwa lugha ambayo mtu anaielewa vizuri. Eleza mambo mahususi: rekodi itawekwa wapi, nani ataisikia, kama itapatikana mtandaoni kwa mtu yeyote, kama inaweza kutumiwa kufundishia programu za kompyuta, na namna ya kuiondoa mtu akibadili nia. Uliza pia kuhusu jina. Taratibu nyingi za vyuo hudai kuficha majina, ilhali wazee wengi hutaka majina yao yatajwe kama waandishi wa simulizi zao, na kuyaficha bila kuuliza ni kuwanyang'anya.

Malipo yawekwe wazi tangu mwanzo na yawe sawa kwa kazi iliyo sawa. Kunukuu na kutafsiri ni ajira, na ilipwe kama ajira. Kuhusu mambo ya siri, kama vile maneno ya jando, dawa au ibada, usiyarekodi hata ukikaribishwa, mpaka ujue ni nani mwingine mwenye haki ya kukataa.

Hatua ya nne: andaa vifaa

Hapa watu hutumia muda mwingi kuliko inavyostahili. Kinasa sauti kinachorekodi katika muundo wa WAV, kwa kiwango cha kHz 48 na biti 24, kinatosha. Usirekodi kwa MP3, kwa kuwa muundo huo hutupa sehemu ya sauti ili kupunguza ukubwa wa faili, na kilichotupwa hakirudi. Wekeza zaidi katika maikrofoni kuliko katika kinasa sauti: ya kuvaliwa kichwani kwa maneno na sentensi za kuulizia, na za kubanwa kwenye nguo, moja kwa kila mtu, kwa mazungumzo. Video ni ya lazima panapokuwa na ishara za mikono, utengenezaji wa vitu, au watu zaidi ya wawili wanaozungumza, maana bila picha hutajua nani alisema nini; lakini sauti ya kamera isiwe ndiyo sauti yako kuu. Vaa vipokea sauti vya masikioni muda wote wa kurekodi. Kila jioni nakili faili zote mara mbili, na nakala moja isilale chini ya paa moja na nyingine.

Hatua ya tano: sikiliza sauti kabla ya kuandika sarufi

Vikao vya mwanzo vinafaa kuwa vya maneno, kwa kuwa bila kuujua mfumo wa sauti kila utakachoandika baadaye kitakuwa na makosa yanayojirudia. Orodha za maneno ya msingi za mwanaisimu Swadesh, ile ya maneno 100 na ile ya 207, ni mahali pa kuanzia tu. Zilitungwa kwa ajili ya kulinganisha lugha, na hazitoshi kugundua sauti zote. Ongeza viungo vya mwili, wanyama, mimea, vyombo na vitenzi vya kawaida. Mwombe msemaji atamke kila neno mara tatu likiwa peke yake, kisha mara moja ndani ya sentensi fupi isiyobadilika, kwa sababu toni ya neno lililo peke yake hudanganya. Ukishapata maneno 300 hivi, tafuta jozi finyu, yaani maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti au toni moja tu, na uzihakiki kwa wasemaji kadhaa.

Neno "kadhaa" hapa lina uzito. Kidalmatia, lugha iliyotokana na Kilatini katika pwani ya Bahari ya Adria, tunaifahamu kwa kiasi kikubwa kutoka kwa mtu mmoja wa kisiwa cha Krk, Tuone Udaina, ambaye mwanaisimu Matteo Bartoli alimhoji mwaka 1897, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Udaina alikuwa hasikii vizuri, alikuwa amepoteza meno, hakuwa ameisema lugha hiyo kwa miaka mingi, na aliijua kwa kuwasikiliza wazazi wake wakizungumza wao kwa wao. Hadi leo haiwezekani kutenganisha kwa uhakika matamshi ya Kidalmatia na matamshi ya mzee asiye na meno. Kinyume chake, Tevfik Esenç, msemaji mahiri wa mwisho wa Kiubikh, lugha yenye asili ya Kaukazi, aliyefariki nchini Uturuki mwaka 1992, alifanya kazi na mtaalamu Mfaransa Georges Dumézil na wengine kwa miaka mingi, na kwa subira hiyo tunajua kwa undani lugha yenye konsonanti zaidi ya 80. Alikuwa mmoja, lakini alikuwa na ufasaha, muda na sauti iliyorekodiwa. Ukiwa na wasemaji wengi, tumia wengi, wanaume kwa wanawake, wa vijiji tofauti na wa marika tofauti. Ukiwa na mmoja tu, rudia maswali baada ya miezi na uandike kila anapojibu tofauti, bila kulazimisha jibu liwe moja.

Katika kuuliza sarufi, jihadhari na lugha unayoulizia. Ukimpa mtu sentensi ya Kiswahili ili aitafsiri, atakurudishia mpangilio wa Kiswahili kwa maneno ya lugha yake, hasa kama ni mtu mwenye adabu asiyetaka kukukatisha tamaa. Ni afadhali umweleze hali ("mtoto amevunja chungu, wewe unamweleza mama yake") kisha umwache aseme. Na usitegemee sana swali la "je, inawezekana kusema hivi?" Wasemaji wengi huitikia ndiyo kwa sentensi ambayo wao wasingeitumia kamwe.

Hatua ya sita: rekodi watu wakizungumza

Mwanaisimu Nikolaus Himmelmann alipendekeza mwaka 1998 kwamba uwekaji kumbukumbu za lugha utambuliwe kama kazi inayojitegemea, tofauti na isimu fafanuzi inayozaa sarufi. Lengo la kwanza ni mkusanyo wa lugha katika matumizi, uliopana kiasi kwamba mtu wa baadaye anaweza kuuliza maswali ambayo mkusanyaji hakuyafikiria. Kabla yake, tangu enzi za mwanaanthropolojia Franz Boas, desturi ilikuwa sarufi, kamusi na matini, na matini zenyewe mara nyingi zilikuwa hadithi zilizoandikwa kwa imla polepole. Hadithi ni nzuri, lakini hakuna anayeamka asubuhi akaisemesha familia yake kwa mtindo wa ngano.

Kwa hiyo panga upana. Rekodi simulizi za maisha, maelezo ya jinsi ya kufanya jambo, maelekezo ya njia, nyimbo, vitendawili, hotuba, maombi yanayoruhusiwa, utani wa mashemeji na mivutano ya bei. Zaidi ya vyote, rekodi mazungumzo ya watu wawili wanaofahamiana wakiwa hawana haja na wewe. Ndiyo aina ambayo mikusanyo mingi ina uhaba nayo, kwa sababu ni ngumu kunukuu, na ndiyo anayoihitaji kwanza mtu anayetaka kujifunza kuisema lugha. Kichocheo cha pamoja kinaweza kusaidia ulinganishaji: filamu fupi ya dakika sita hivi isiyo na maneno, kuhusu mchumaji wa mapeasi na mvulana mwenye baiskeli, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley miaka ya 1970, imetumika katika lugha nyingi. Itumie ukipenda, lakini isichukue nafasi ya mambo ambayo watu wenyewe huyazungumza.

Saa 10 za aina nyingi ni bora kuliko saa 100 za aina moja.

Hatua ya saba: nukuu na utafsiri papo hapo

Hii ndiyo hatua inayoamua thamani ya kazi yote, na ndiyo inayoahirishwa zaidi. Rekodi ya lugha isiyo na msemaji tena, isiyonukuliwa wala kutafsiriwa, ni kelele zilizohifadhiwa kwa ubora wa juu. Ulinganisho wa watafiti wawili wa zamani unalionyesha jambo hili vizuri. John P. Harrington alizunguka California na kwingineko kwa miongo kadhaa akiajiriwa na taasisi ya serikali ya Marekani, akaandika maelfu kwa maelfu ya kurasa kuhusu lugha nyingi ambazo leo hazina wasemaji. Alikuwa na sikio la ajabu, lakini alikuwa msiri, aliyatawanya makaratasi yake, na aliacha mengi bila utaratibu, kiasi kwamba kuyapanga kumekuwa kazi ya vizazi vilivyofuata. Watafiti Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd, kwa upande wao, walianza mwaka 1870 huko Cape Town kuandika maneno ya wafungwa wasemaji wa ǀXam, lugha ya Wasani wa Afrika ya Kusini, akiwemo ǁKabbo, na waliyaandika kwa safu: lugha yenyewe upande mmoja, tafsiri ya Kiingereza sambamba nayo. Lugha ya ǀXam ilikwisha kutoweka, lakini madaftari yale, yenye kurasa zaidi ya 12,000 kwa jumla, bado yanasomeka, na Afrika ya Kusini iliweza mwaka 2000 kuandika kaulimbiu ya nembo yake ya taifa kwa lugha hiyo.

Kwa hiyo jiwekee sheria: usirekodi saa mpya wakati umelimbikiza kiasi ambacho huwezi kukinukuu pamoja na wasemaji kabla ya kuondoka. Si jambo la ajabu saa moja ya mazungumzo kudai saa 50, hata 100, za unukuzi, tafsiri na glosi, yaani maana fupi inayoandikwa chini ya kila kipande cha neno. Programu ya ELAN, inayotolewa bure na taasisi ya Nijmegen, hukuwezesha kukata sauti vipande vipande na kuviwekea matabaka ya maandishi: unukuzi, mgawanyo wa mofimu (vipande vidogo vya neno vyenye maana), glosi ya kila mofimu, tafsiri huru, na maelezo. Glosi zifuate Kanuni za Leipzig, utaratibu wa pamoja wa kuandika glosi, ili mwanaisimu wa mahali popote azielewe. Programu ya Praat hutumika kupima toni na sauti zenye utata; ile ya FLEx hufaa kujenga kamusi kutoka ndani ya matini.

Muda ukiwa mfupi au msemaji ni mzee sana, kuna njia ya haraka. Chezesha rekodi kipande kwa kipande. Msemaji wa pili, mwenye sauti na masikio mazima, akirudie kila kipande polepole na kwa ufasaha, kisha akitafsiri kwa mdomo katika lugha pana, huku kinasa sauti kingine kikirekodi yote hayo. Hakuna kinachoandikwa siku hiyo, lakini mtu yeyote ataweza kukiandika baadaye. Njia hii haichukui nafasi ya unukuzi kamili. Huokoa kile ambacho kingepotea kwa kuungoja.

Wafundishe wasemaji vijana kunukuu wenyewe. Kwa hilo utahitaji mfumo wa maandishi unaokubalika na jamii, na hapa mwanaisimu ajizuie: alama za alfabeti ya kimataifa ya kifonetiki ni za utafiti, si za watu kuandikiana ujumbe kwa simu. Ikiwa watu tayari wanasoma lugha jirani, fuata tahajia yake kadiri inavyowezekana na uongeze herufi chache tu kwa sauti zisizokuwemo. Toni iandikwe pale tu ambapo kutoiandika huleta utata wa mara kwa mara. Uamuzi huo uwe wa wasomaji baada ya kujaribu, si wa mtafiti peke yake.

Hatua ya nane: taja kila faili

Toa jina la faili lenye msimbo wa lugha, tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, vifupisho vya msemaji na namba ya kikao, bila nafasi wala alama za ajabu. Katika jedwali moja andika kwa kila faili: nani anazungumza, amezaliwa wapi na mwaka gani, anajua lugha zipi, nani alikuwepo, mada ni nini, mahali, kifaa, na masharti ya ridhaa. Andika siku hiyohiyo. Kazi hii ni ya kuchosha na haina cha kusimuliwa zaidi.

Hatua ya tisa: peleka katika hifadhi kabla ya kumaliza

Diski ya nje si hifadhi, na tovuti ya mradi wako si hifadhi pia. Zote mbili hufa pale ruzuku inapokwisha. Hifadhi ni taasisi iliyojifunga kuzitunza faili kwa muda usio na kikomo, kuzihamishia katika miundo mipya, na kuheshimu viwango vya ufikiaji ulivyokubaliana na wasemaji. Wasiliana nayo kabla ya kurekodi, kwa kuwa ina masharti ya miundo na ya maelezo, na upeleke sehemu ya kazi kila mwaka badala ya kungoja mwisho. Watafiti wengi huchelewa wakitaka kwanza kusahihisha kila kosa. Makosa yanaweza kusahihishwa ndani ya hifadhi. Mtafiti aliyefariki na kompyuta yake yenye nywila hawezi kusaidiwa.

Nakala ibaki pia karibu na wasemaji, katika muundo wanaoweza kuutumia: mara nyingi hiyo ni sauti iliyobanwa inayochezeka kwenye simu, si faili kubwa za WAV.

Hatua ya kumi: sarufi, kamusi na matumizi

Sasa ndipo uchambuzi unapokuja, na utakuta kwamba matini zilizonukuliwa vizuri zimekwisha kufanya nusu ya kazi. Kamusi ikusanywe kwa nyanja za maana, yaani mimea kwa siku yake, mwili kwa siku yake, ujenzi kwa siku yake, wasemaji wakiwa wamekaa kwa vikundi. Neno moja huvuta jingine, na mjadala wao hutoa maana ambazo swali la mtu mmoja lisingezifikia. Sarufi iandikwe kwa mifano kutoka katika matini, kila mfano na kumbukumbu ya faili lake, ili msomaji aweze kuisikia sentensi yenyewe na kukupinga.

Mambo yaliyotokea kwingine yanaonyesha kwa nini upana wa kumbukumbu una faida isiyotabirika. Mradi wa kuirejesha Kiwampanoagi, lugha ya wenyeji wa asili huko Massachusetts, Marekani, ulioanza mwaka 1993 ukiongozwa na Jessie Little Doe Baird, ulijengwa juu ya tafsiri ya Biblia ya mwaka 1663 na hati za mashamba zilizoandikwa na Wawampanoagi wenyewe. Hakuna aliyeandika hati hizo akidhani zingekuja kuwa vitabu vya kiada. Katika Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, Ned Maddrell, msemaji mzawa wa mwisho wa Kimanx, lugha ya kisiwa hicho, wa kizazi chake, alifariki mwaka 1974, lakini rekodi zilizofanywa na Tume ya Fasihi Simulizi ya Ireland mwaka 1948 na nyingine za baadaye ziliwapa wanafunzi matamshi ya kuiga, na leo ipo shule ya msingi inayofundisha kwa lugha hiyo. Pale ambapo wasemaji bado wapo, kama ilivyokuwa kwa Wamaori wa New Zealand walipoanzisha malezi ya watoto wadogo kwa Kimaori mwaka 1982, kazi huwa ya namna nyingine: rekodi husaidia, ila bibi na babu ndio walimu.

Kazi ya mwisho ya mtafiti ni kuandika mwongozo wa mkusanyo, waraka wa kurasa chache unaowekwa juu kabisa ya faili zote katika hifadhi, katika lugha ambayo wajukuu wa wasemaji wataisoma. Uandike humo kwa nini ulirekodi ulichorekodi na kile ulichoacha, alama gani za unukuzi zilibadilika na kuanzia faili gani, wasemaji gani walitofautiana na katika mambo gani, sehemu gani za unukuzi huziamini, ni rekodi zipi zimefungwa na nani anaweza kuzifungua, na jina la chombo cha jamii kitakachotoa uamuzi huo wewe usipokuwepo.